Godoro la Wifi

Mbale
8 Februari 1987

Kwa mdogo wangu Yakub, salaam alaikum.

Dada yako Ramula anakuandikia akiwa mzima, isipokuwa mgongo. Watoto wanasoma. Nyumba ya marehemu baba tumerudishiwa, ila milango imekwenda na mabati ya jikoni yamekwenda. Waliokaa humu tulipokuwa uhamishoni Sudan waliona ni vyema wasituachie mzigo wa kuvitunza. Mlima Wanale bado upo mahali pake. Nadhani ulikuwa mzito kubeba.

Sisi watoto wa askari wa Kinubi, watu hapa bado wanashtuka tukiwasemesha Kiswahili. Juzi niliomba chumvi dukani, mwenye duka akachungulia nyuma yangu kuona nimekuja na wanajeshi wangapi. Nikamwambia, "Baba, niko peke yangu na mgongo wangu." Akacheka, akanipimia. Nalala mkekani juu ya saruji, na saruji ya Mbale haina huruma na mjane.

Sasa jambo lenyewe. Siraje, mtoto wa mjomba, alipita Walukuba na lori lake. Hakuingia kwako kwa sababu alikuwa mbioni, lakini macho yake hayakuwa mbioni. Anasema dirishani kwako kuna mapazia ya maua, yamepindwa vizuri, na mlangoni ilinukia ile mikate yetu ya gurusa ikikaangwa. Yakub, nakujua tangu unanyonya. Wewe ukichemsha maji yanaungua. Na mwanamume hashoni mapazia.

Mkeo Hadijah, Mungu amrehemu, amelala kule Yei, Sudan, miaka sasa, na hakuna atakayekulaumu. Umepita hamsini, unajificha kama kijana wa shule? Mapenzi ni kikohozi, hayawezi kufichika. Basi umsalimie wifi yangu, huyo aliyeshona mapazia. Mwambie nimefurahi kwamba una mtu. Nilikuwa naogopa kufa nikakuacha peke yako.

Dada yako,
Ramula


Walukuba, Jinja
20 Machi 1987

Dada yangu Ramula, waalaikum salaam.

Barua yako ilizunguka sana, ikafika inanuka samaki. Tuliisoma mara mbili. Nasema tuliisoma kwa sababu mimi sisomi tena. Macho yameingia ukungu. Daktari anasema ni mtoto wa jicho, lakini mimi naona ni asubuhi ya mto tu, ule ukungu unaopanda kutoka Nile kabla jua halijawa kali, ila wangu hauondoki. Ndani ya weupe huo watu wanatembea taratibu, hata wale wenye haraka. Si vibaya kama unavyodhani.

Kiwandani mashine nyingi zimekufa, zilizobaki zinakohoa. Wamenihamisha kwenye meza ya kukunja vitambaa, kazi ya vidole. Hasifa ameandika kutoka Arua, amejifungua mtoto wa kiume. Mimi ni babu, dada. Neno hilo nimelibeba siku nzima mdomoni kama peremende.

Anayeniandikia ni mwenzangu ninayekaa naye, ni fundi wa magodoro. Huchukua pamba chakavu ya kiwandani, akaichambua, akaishindilia ndani ya kitambaa cha mistari. Nyumba imejaa nyuzi zinazoelea. Zinatua kwenye chai, kwenye ndevu zangu, kwenye mswala. Mchana nikikaa mlangoni namsikia akivuta ile sindano ndefu, uzi unapita, unapita, nasahau kama niko macho au nimelala.

Aliposoma pale uliposema mgongo, aliinuka akaenda kupima pamba. Kesho yake akakata kitambaa. Siraje atakuja na mzigo, mpokee.

Ndugu yako,
Yakub

Na mimi ninayeandika ninakusalimu. Salamu yako imenifikia, nimeiweka moyoni. Lalia godoro hili upone.
Shemeji yako.


Mbale
3 Mei 1987

Yakub mdogo wangu, salaam alaikum, na Ramadhani njema.

Hatujambo, tumefunga, kinywa kikavu lakini kalamu ina maji. Macho yako yameniuma. Kula karoti, usinibishie. Na mjukuu wetu Mungu amkuze.

Godoro limefika! Mtaa mzima ulitoka kuliangalia likishushwa. Siraje anasema kwenye kizuizi cha barabarani askari alilichungulia pande zote, "Wewe, hii godoro iko na bunduki ndani?" Siraje akamwambia, "Afande, hii iko na pamba tu, ni ya mama mgonjwa ya mgongo." Akalichoma kisu mara moja kuhakikisha. Nimeshona pale, lakini mshono wangu kando ya mishono ya wifi ni aibu tupu. Namono, jirani yangu Mgisu, alipitisha mkono juu yake kama anayepapasa mtoto mchanga. Wanawake wote wanataka kujua huyo wifi ni nani.

Na mimi pia nataka. Jina lake nani? Watu wake ni akina nani? Ni Mnubi mwenzetu au umeingia kwa Wasoga? Nadhani ni Msoga, kwa sababu Kiswahili chake kimenichekesha: amejiita shemeji! Mweleze, mwanamke kwa mwanamke ni wifi. Kwangu mimi shemeji ni mwanamume. Namono anasema Wasoga na Waganda wana neno moja, mulamu, wanawatia mashemeji na mawifi wote humo humo, kwa hiyo tumsamehe.

Na mwambie utani wake nimeuona. Godoro lenyewe ni pana, la watu wawili, na mimi ni mjane. Anataka nimlaze nani upande wa pili? Nimemcheka mpaka mgongo ukauma upya.

Usichelewe kunipa jina.

Dada yako,
Ramula


Walukuba
14 Juni 1987

Dada Ramula, waalaikum salaam.

Idi ilikuwa njema. Tulikula wali, tukawagawia watoto wa jirani. Karoti nimekula, sasa naona karoti vizuri sana na vingine vyote kama zamani.

Nimeota baba. Alikuwa amevaa sare zake za jeshi la zamani, anakunja kitambaa cheupe upande mmoja na mimi nakunja upande wa pili. Tukikaribiana anarudi nyuma, kitambaa kinaongezeka. Hakuwa amekasirika. Niliamka vidole vinafanya kazi juu ya shuka.

Mto umejaa. Jioni korongo wanasimama juu ya mapaa, mimi nawaona kama wazee waliovaa makoti. Nafurahi kwamba godoro limekufaa. Lipindue kila Ijumaa ili lisibonyee.

Mambo mengine tutaongea tukionana, inshallah.

Yakub


Mbale
9 Agosti 1987

Yakub,

Salaam alaikum. Watoto hawajambo.

Siraje alikuja kula Idi Kubwa kwangu. Namono alikuwepo, na mke wa imamu, na wengine. Wakaanza kumsifu wifi na mishono yake, Siraje akaacha kutafuna. "Wifi gani? Mimi alinipa godoro ni bwana moja, iko na mvi kidogo, inaitwa Adrisi. Nilikunywa chai yake. Mwanamke hakuna kule, dada. Chumba ni moja." Alisema hivyo bila ubaya, unamjua, maneno yake hayana breki. Nikacheka, nikasema ni fundi tu. Wote wakarudisha macho kwenye sahani. Wali ule sikuumaliza.

Basi "mwenzangu" ndiye huyo. Na shemeji alikuwa shemeji kweli. Mimi nilikuwa nasahihisha Kiswahili kama mwalimu mkuu, na nyinyi wawili mnanisoma, mnacheka.

Godoro nimelisimamisha ukutani. Nimerudi mkekani.

Sasa nakuuliza mimi niliyekubeba mgongoni, mgongo huu huu. Wewe ni nani? Ulimwoa Hadijah, mimi ndiye niliyempaka hina mikononi. Ulimzaa Hasifa. Ulikuwa mume, nilikuona. Mwanamume ni yale anayoyafanya. Akifanya ya mume ni mume, akifanya mengine ni kitu kingine. Haiwezekani mtu avuke hamsini ndipo ageuke, kama maziwa. Ulikuwa unatudanganya wakati ule au unajidanganya wakati huu?

Nijibu. Usinijibu kwa habari za ukungu. Na asiandike yeye.

Ramula


Walukuba
22 Septemba 1987

Dada yangu, waalaikum salaam. Sina habari za familia leo, isipokuwa hii.

Umesema asiandike yeye. Sina mkono mwingine. Maneno haya nikimpa jirani aniandikie, kesho yatakuwa sokoni. Kwa hiyo anaandika yeye, na nimemwambia asirekebishe kitu.

Hatukukucheka. Siku ile ulipotuma salamu, alisoma "wifi" akaniuliza ajibu nini. Nikamwambia aache, ipite. Akasema amechoka kupita kwa jina lisilo lake. Akajiandika shemeji, mimi nikaogopa, halafu nikafurahi, halafu nikaogopa tena.

Umeandika kwamba mwanamume ni yale anayoyafanya. Nimelifikiria neno hilo wiki nyingi mezani pangu kiwandani. Kumbuka kambi ya Yei. Wanaume waliotengwa na wake zao, mvua, hofu, hema moja. Wapo waliotafutana, na sisi sote tulijua tukageuza nyuso. Vita vilipotulia walivuka mpaka, wakaoa, na leo wanakaa safu ya mbele msikitini. Hakuna aliyewaita jina, wala wao hawakujiita. Kwao ilikuwa kama ile mizizi ya porini tuliyokula wakati wa njaa. Ukifika nyumbani unaisahau, unapika chakula chako. Walifanya, lakini hawakuwa hivyo.

Mimi kule kambini sikumgusa mtu. Nilikuwa na Hadijah. Nilimwuguza, nilimzika. Nilikuwa mume wake, dada, hilo usininyang'anye. Nilimpenda, na sikumwendea kinyume hata mara moja. Lakini tangu ujana nilijijua. Nilikuwa, bila kufanya. Nafsi yangu na matendo yangu viliishi nyumba moja kama wapangaji wasiosemeshana, kila mmoja na ufunguo wake. Nilidhani mtu akizeeka jambo hilo linapoa lenyewe. Halikupoa.

Tuliporudi Jinja, mtu mmoja alikuja langoni mwa kiwanda kutafuta pamba chakavu. Macho yangu yalikuwa yameanza kuingia ukungu, kwa hiyo niliisikia sauti kabla ya kuona uso. Gunia lilikuwa kubwa, nikashika upande wa pili, tukalibeba hadi kwake. Ndio mwanzo wote. Sikugeuka kama maziwa. Nilifika tu, nimechelewa, na nguo zangu za safari.

Unauliza mimi ni nani. Majina yaliyopo nayajua, watu huyatema pamoja na mate. Hakuna linalonitosha. Mimi ni mwana wa baba yako, mume wa marehemu Hadijah, baba wa Hasifa, na ninaishi na Adrisi. Yote kwa pamoja, hakuna linalolifuta jingine. Hapa Adrisi ameweka kalamu chini. Nimemwomba aishike tena, kwa sababu mambo haya hata yeye sijawahi kumwambia. Anayasikia leo pamoja nawe.

Sikukudanganya. Lugha yetu ina huruma, ukisema "yeye" haikuulizi ni mume au mke. Nililala ndani ya neno hilo kama ndani ya chandarua.

Najua unaweza kumwandikia Hasifa, nisimwone mjukuu wangu. Kati ya watoto wa mama yetu vita vimetuacha wawili tu, wewe na mimi. Adrisi sitamwacha. Na wewe sitaki kukupoteza, ninaogopa sana kukupoteza. Nakuomba usinichagulishe.

Yakub


Walukuba
28 Desemba 1987

Dada Ramula, salaam alaikum.

Sijapata jibu. Hapa watu wanasema barabara ya kwenu inafungwa kwa sababu ya mapigano ya upande wa Teso. Namshukuru anayeifunga. Nikiamini ni barabara, siwazi kwamba ni wewe.

Niliota pamba inaanguka juu ya Wanale, mlima mzima mweupe, na wewe umesimama chini yake na ungo, unasema haitoshi. Sijui haitoshi nini.

Adrisi anashona, lakini haimbi. Mgongo wako unaendeleaje? Ni yeye anayeuliza, na mimi pia.

Yakub


Mbale
10 Aprili 1988

Kwa shemeji Adrisi, salaam alaikum.

Nakuandikia wewe kwa sababu hata nikimwandikia yeye utaisoma wewe. Msomee kwa sauti na usiruke kitu, hata pale nitakapokutukana.

Watoto hawajambo. Mvua zimeanza, na wanawake wa mlimani wameleta malewa sokoni. Nimekausha mengine kwa ajili yenu, hayo machipukizi ya mianzi Yakub aliyapenda utotoni akala mpaka akaumwa tumbo. Barabara ilifungwa kweli, siku chache chache. Siku nyingine zote nilikuwa mimi. Mwambie asimshukuru mtu.

Nilikasirika, shemeji. Nilikuchukia wewe zaidi kuliko yeye, kwa sababu wewe sikukubeba mgongoni. Godoro lako lilisimama ukutani tangu Idi ile, na kila nikiingia chumbani liliniangalia kama mgeni ambaye hajaambiwa akae. Mara mbili nilitaka kuligawa. Namono alilitaka. Nikasema hapana, na sikujua kwa nini nasema hapana.

Mwezi uliopita mgongo ulikataa kunyanyuka sakafuni. Watoto walikuwa shule. Nikatambaa mpaka ukutani, nikalivuta likaanguka, vumbi la pamba likajaa chumba chote, nikapanda juu yake kama mtu anayepanda mtumbwi. Nikalala mchana kweupe. Nikamwota mama. Alikuwa anachambua pamba mlangoni, mbegu anaweka huku, pamba inaruka yenyewe. Akabonyeza godoro kwa kidole, akauliza, "Nani ameshona hili?" Nikasema, "Mtu wa Yakub." Akasema, "Mpe chai." Basi. Wewe hukumjua mama. Alikuwa mtu wa kuuliza maswali mpaka mgeni atoke jasho, lakini siku ile hakuuliza jingine. Niliamka nimelia, na mgongo haunichomi.

Nikakaa nikafikiri. Mgongo huu nimeulalamikia kwa watoto wangu, kwa Siraje, kwa madaktari, kwa Mungu mwenyewe. Wote walisema pole. Mtu mmoja alisikia akatafuta sindano, naye hajawahi kuniona. Hiyo si kazi ya fundi tu.

La dini sijui, mimi si kadhi, na yeye Mwenyezi Mungu hajaniomba msaada. Katika barua ya Yakub yapo mambo ambayo bado siwezi kuyaangalia usoni. Hasira zikija naziacha zikae, zikichoka zinaondoka. Lakini mwambie hili nimelielewa: aliniambia wapo waliofanya bila kuwa, na yeye alikuwa bila kufanya. Nilimjibu moyoni kwamba ni upuuzi. Halafu nikakumbuka mimi nimekuwa dada yake miezi hii yote bila kufanya lolote la udada. Na bado nilikuwa dada yake. Kwa hiyo si upuuzi.

Hasifa sijamwambia. Hilo ni neno la baba yake, si langu. Nimemwandikia tu ampeleke mtoto Jinja, babu yake amshike kabla ukungu haujafunga kabisa.

Majirani bado wanauliza jina la wifi. Namono ameniokoa bila kujua. Amesema kwao jina la mkwe halitajwi ovyo, ni utovu wa adabu. Nikadakia hapo hapo, nikasema na sisi ni hivyo hivyo. Sasa wananiona mwanamke wa heshima sana. Kwa hiyo nje jina lako sitalitaja, usininunie. Dunia bado ina visu vya kuchomea magodoro. Humu ndani nimeliandika.

Idi njooni wote wawili, Siraje atawapitia na lori. Nimemwambia afunge mdomo, ameapa, tutaona. Mtalala chumba cha baba. Mimi nitarudi mkekani siku hizo, mgongo umepata nguvu ya kuvumilia. Godoro nimelipindua, nimelianika juani, nimelitandikia shuka jipya. Nilikulalamikia kwamba ni pana mno. Sasa naona ulilipima sawa.

Na lile neno lako la mwaka jana, ambalo nilikusahihisha mbele ya Namono nikacheka, nisamehe. Ulikuwa umeandika sawa.

Mimi ni shemeji yako,
Ramula